KAZI YA BURE NA KAZI YA MSHAHARA: MIEZI MIWILI KATIKA MJI WA GULU

(Maneno aliyoyasema binti wa mwanachama wetu mmoja mbele ya mkutano wa tawi, Timau. Yamepigwa chapa kama alivyoyasema, isipokuwa maswali ya katikati yameachwa kwa uchache wa karatasi.)



Bwana Katibu aliponialika alinipa onyo. Alisema, "Usituletee habari za mtalii. Utuambie habari za kazi: nani aliifanya, nani alilipwa, na nani hakulipwa." Nimelishika onyo hilo. Mnajua tawi hili lina jambo mezani, nalo ni la wanafunzi wanaoletwa katika mabanda ya kupanga maua, wakafanya kazi miezi mitatu bila mshahara kwa jina la mafunzo, na huku vibarua wa msimu wanaambiwa wangoje nyumbani mpaka watakapoitwa. Sitataja shamba lo lote, wala sikuja kuwafundisha wazee kazi yao. Nimekuja kuwaelezeni mahali nilipoliona jambo hili kwa sura nyingine, katika mji uliokuwa umetoka vitani, na jinsi lilivyotengenezwa.

Mji wenyewe ni Gulu, kaskazini ya Uganda, katika nchi ya Waacholi. Nilikwenda mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu, pamoja na wenzangu 15 wa kujitolea. Wakenya tulikuwa watatu, Waganda watano, na waliosalia walitoka Ujerumani, Italia na Korea. Wenzetu wa Ulaya waliiita safari hiyo kazi ya kiangazi. Ninyi mnajua Julai ya Timau, baridi ya kukaza vidole na mlima umejifunika blanketi. Kule Gulu nako Julai ni mvua. Mjerumani mmoja alikuja na kofia ya jua na viatu vya wazi. Siku ya tatu alikwenda sokoni akanunua mabuti ya mpira kama ya wanyunyizaji wetu.

Mwaka ule hata sisi Wakenya hatukuwa watu wa kujisifu kwa amani. Mapatano ya kugawana serikali yalitiwa sahihi Februari 28, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa na mamia ya maelfu kufukuzwa makwao. Basi letu lilipopita Nakuru na Eldoret tuliona mahema bado yamesimama, na serikali ilikuwa imekwisha kuanza mpango wake wa kuwarudisha watu nyumbani, wenye kurudi wakirudi na wenye kuogopa wakibaki. Mama mmoja ndani ya basi aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, Gulu, kuwasaidia watu waliofukuzwa makwao na vita. Akayatazama mahema yale dirishani, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Nami sikuwa na jibu la kumpa, maana hakuuliza.

Kutoka Kampala mpaka Gulu ni kilomita 330 hivi. Unavuka mto Nile kwenye daraja la Karuma, mahali maji yanapopiga kelele na nyani wanakaa kando ya barabara wakingoja ndizi za abiria. Miaka ya vita, kupita hapo kulitaka moyo, na magari mengi yalikwenda kwa kundi yakilindwa na askari.

Sasa nieleze vita kwa kifupi, kwa sababu wengi wetu tuliisikia redioni tu. Serikali ya Kampala ilipinduliwa Januari 1986, na baada ya hapo kaskazini kukazuka maasi. Waasi waliodumu kuliko wote ni wale wa Joseph Kony, jeshi la LRA. Waliiba watoto kwa maelfu mengi, wavulana wakafanywa askari, na wasichana wakagawiwa wakubwa wao. Kisha tangu mwaka 1996 serikali ikaamuru wananchi watoke vijijini wakakae katika makambi, ati ndipo watakapolindwa. Kambi moja, Pabbo, ilifika watu zaidi ya 50,000, vibanda vimebanana hata moto ukishika kimoja unakula mia. Kufika mwaka 2005 waliokuwa wamehamishwa kaskazini yote walikadiriwa kuwa milioni 1.8. Mashamba yakageuka msitu. Mtu aliyekuwa na ng'ombe na ghala la mtama akawa mtu wa kupanga foleni ya unga wa msaada.

Tena palikuwa na wale watoto walioitwa wasafiri wa usiku. Kila jioni, makumi ya maelfu ya watoto walitembea kwa miguu kutoka vijijini na makambini mpaka mjini, wakalale barazani, kituo cha basi, makanisani na katika viwanja vya hospitali, ili wasiibiwe usiku. Alfajiri wakarudi. Mtoto wa miaka saba akimbeba wa miaka mitatu, na blanketi moja. Haya yalifanyika katika siku ambazo sisi hapa Timau tulikuwa tukilala usingizi na kugombana juu ya bei ya viazi.

Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi Juba, Agosti 26, 2006. Aprili 2008 Kony alingojwa mpakani mwa Sudan na Kongo aje atie sahihi mapatano ya mwisho, naye hakutokea. Kwa hiyo sisi tulifika Gulu kukiwa si vita wala si amani. Baraza zilikuwa tupu usiku, hilo lilikuwa jambo la furaha. Lakini wanaume wengi walikwenda kulima kwao mchana na kurudi kambini kulala, kwa sababu hakuna aliyejua. Mji ulijaa vibao vya mashirika na motokaa nyeupe, na kodi za nyumba zilikuwa zimepanda. Karani wa shirika alipanga nyumba nzuri. Mwalimu wa shule aliyekuwa akiishi humo akahamia chumba kimoja.

Niseme neno juu ya lugha, kwa kuwa gazeti letu hili ni la Kiswahili. Siku ya kwanza sokoni nilimwuliza mama mmoja bei ya simsim kwa Kiswahili chema, kwa adabu zote. Akanyamaza, akatazama chini. Mwenzangu Mganda akanivuta kando akasema kwamba watu wengi huku Kiswahili wamekisikia kwa askari, kizuizini na usiku wa manane mlangoni. Tangu siku ile nilijifunza kusema "apwoyo" kwanza, ambayo ni salamu na shukrani pia, halafu ndipo niulize bei. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa King's African Rifles alikipenda sana Kiswahili changu, akaniita kila jioni nizungumze naye. Lugha ile ile, na watu wawili wakaisikia mbalimbali kabisa.

Sasa kazi. Chama kilichotuchukua sikitaji. Kilikuwa na mpango wa kujenga madarasa mawili katika shule ya msingi pembeni mwa mji. Mafundi waashi watatu walikuwa wa mshahara. Kazi ya kubeba matofali kutoka kwenye tanuru, kuteka maji, kuchanganya simiti na kuwapelekea mafundi ilikuwa ikifanywa na vijana 11 wa pale, wanaoitwa kule "poota," yaani vibarua wa mjengo, nao wakilipwa kwa siku. Tulipofika sisi, wale vijana waliambiwa, "Pumzikeni, wageni wamekuja kuwasaidia." Wakaenda kukaa chini ya mwembe. Sisi tukashika wilibaro.

Siku tatu tulibeba matofali na kupigwa picha. Sisemi kwamba hatukufanya kazi, mikono ilitoka malengelenge. Lakini fundi mkuu, mzee niliyemwita Ladit kama desturi ya Waacholi kumheshimu mtu mzima, alikuwa akitikisa kichwa. Tofali aliloletewa na wale vijana kwa saa moja, sisi tulimletea kwa saa mbili, na mengine tuliyavunja. Na kila alipoinua macho aliwaona wale 11 chini ya mwembe wanatutazama. Sijui kama mmewahi kufanya kazi huku mwenye kazi yake ameketi anakutazama. Ni jambo zito kuliko tofali.

Siku ya nne mmoja wao akanijia. Alikuwa na miaka 19. Alipokuwa mdogo alikuwa mmoja wa wale wasafiri wa usiku. Shule ilimpita hivyo hivyo, darasa la nne akaliacha. Mama yake alikuwa amerudi kijijini bila nyumba, anataka nguzo na nyasi za kuezekea, na wadogo zake wawili walikuwa shule. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, "Kwenu Kenya, kazi hii hufanywa na nani?"

Nikamjibu, hufanywa na vibarua.

"Nao hulipwa?"

"Hulipwa."

"Basi sisi hapa tumekosa nini?"

Jioni ile tulikaa sisi watu wa kujitolea tukazungumza. Msichana wa Kiitalia, ambaye baba yake ni mwanachama wa chama cha wafanya kazi wa viwanda vya chuma, ndiye aliyeanza. Akasema, "Tutoe hesabu." Kila mmoja wetu alikuwa amelipa ada ya kujiunga, mbali na nauli. Tukapiga hesabu kwenye karatasi, tukaona ada ya mtu mmoja wetu yatosha kumlipa poota mmoja mwezi mzima na kusalia. Yaani, ndugu zangu, sisi tulikuwa tumelipa fedha ili tupewe kazi ya mtu mwingine, tuifanye vibaya kuliko yeye. Mkorea mmoja akacheka mpaka akakohoa. Halafu wote tukanyamaza.

Kiongozi wa kambi hakupendezwa. Alituambia jambo ambalo nimelikumbuka sana, na nadhani alilisema kwa kweli, si kwa ubaya. Alisema wenye kutoa fedha Ulaya hupenda kuona bati na saruji na wanafunzi wenye furaha. Mshahara hawapendi kuuona, kwa sababu mshahara hauonekani katika picha.

Jumamosi tukakutana wote chini ya mwembe: mafundi, vijana 11, mwalimu mkuu, wazee wawili wa kamati ya shule, na sisi. Wazee walipoulizwa kama waliomba wageni waje kubeba matofali, walisema hapana, waliomba madarasa. Habari ya wageni waliisikia baadaye, wakaikubali kwa sababu mtu mwenye njaa hachagui. Ndipo Ladit akasimama. Nitajaribu kuyasema maneno yake kama yalivyotafsiriwa.

Alisema, "Sisi tuna kazi ya bure tangu zamani, jina lake awak. Mwenye shamba huwaita majirani. Yeye ndiye anayeita. Majirani huja na majembe yao, hulima mpaka jua likipanda, na mwenye shamba amepika chakula na pombe. Na kesho mimi nikiwa na shamba, nitakuita wewe, nawe utakuja. Sasa ninyi wageni, nani aliyewaita? Na nyumba ya huyu Mjerumani ikianguka huko kwao, je, atatuita sisi twende?" Watu walicheka sana. Mjerumani hakucheka, aliandika maneno yale katika daftari lake.

Nilipoyasikia nilikumbuka ngwatio, ambayo wengi wenu mliilima kwa wazazi wenu upande wa Nyeri na hata huku. Ni kitu kile kile. Na nilimkumbuka nyanya yangu, mama ya baba yangu, kwa sababu yeye alizijua kazi za bure za namna mbili.

Katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu 1952, nyanya yangu alitolewa kwake akatiwa katika kijiji cha amri, kama zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliokusanywa vijijini tangu 1954. Kila asubuhi firimbi ililia, na wanawake walitolewa na homugadi kwenda kuchimba. Walichimba matuta ya mashamba, na walichimba ule mtaro wa kando ya msitu wa Mlima Kenya, maili 50, mpana na mrefu kwenda chini, umesimikwa miti yenye ncha, ili watu wa msituni wasipate chakula. Hawakulipwa senti. Na katika vitabu vya serikali kazi ile iliitwa kazi ya jumuiya. Nyanya yangu alipoletewa habari za Harambee baada ya Uhuru wa 1963, alikwenda, alichanga, alibeba mawe ya shule ninayoijua mimi. Lakini kila mara aliuliza kwanza, "Nani ameita?" Watu walidhani ni ukaidi wa uzee.

Wazee wa vyama vya wafanya kazi wanalijua jambo hili kwa jina la sheria. Mapatano Namba 29 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1930, yanakataza kazi ya nguvu. Lakini yanaacha nje kazi ndogo ndogo za jumuiya, kwa masharti: zifanywe na watu wa mahali pale wenyewe, ziwe za faida yao wenyewe hasa, na wao au wajumbe wao wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hizo zatakiwa au hazitakiwi. Uingereza ilikuwa imekwisha kuyatia sahihi mapatano hayo kabla ya mtaro ule kuchimbwa. Kenya huru iliyakubali mwaka 1964. Je, nyanya yangu aliulizwa? Mtaro ulikuwa wa faida ya nani? Someni masharti yale polepole, mtaona ni yale yale ya Ladit, isipokuwa hayakutaja pombe.

Hata hao walioanzisha kambi za kujitolea walikutana na swali hili mapema. Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, baada ya vita kuu ya kwanza, aliwapeleka watu wachache, wakiwamo Wajerumani, kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, mahali palipokuwa pamesagwa na mizinga. Hiyo ilikuwa mwaka 1920. Nia ilikuwa njema kabisa, maadui wa jana wajenge pamoja. Lakini wakubwa wa pale hawakutaka Wajerumani wakae, na mwaka 1921 kambi ikavunjika. Desturi yenyewe ilienea ulimwenguni hata hivyo. Hapa kwetu chama cha KVDA kilianza kambi za namna hii mwaka 1962. Mimi nilikwenda na watu wengine.

Basi chini ya mwembe ule mkutano ulichukua saa nne. Sitawachosha. Mwisho wake ulikuwa hivi. Vijana 11 walirudi kazini Jumatatu kwa mshahara ule ule wa zamani. Fedha zilipatikana kwa kufuta matembezi yetu ya kwenda kutazama maporomoko ya Murchison, na kwa kumwachisha mpishi wa hoteli aliyekuwa akituletea chakula kwa motokaa. Tukapika wenyewe, ugali wa mtama na mboga za boo zilizotiwa simsim, na ninawaambieni tulikula vizuri zaidi. Sisi tukaacha wilibaro. Tukasema tutakwenda tu mahali tutakapoitwa.

Siku mbili hakuna aliyetuita. Kiongozi wetu alitembea na uso wa kusema "niliwaambia." Siku ya tatu akaja mama mjane, kwa kinywa cha yule kijana wa miaka 19, akasema shamba lake la kijijini limekuwa msitu kwa miaka kumi na miwili, naye anaita awak. Tulikwenda sisi, na majirani zake, na wale vijana wenyewe ilipofika Jumapili. Tulionywa tusiguse chuma cho chote kilicho ardhini, kwa sababu mabomu yalikuwa bado yanalala mashambani. Tulifyeka mpaka saa sita. Mama alikuwa amepika. Baadaye waliita wengine watatu.

Jioni nako ukazuka mwito mwingine. Vijana wengi kati ya wale 11 walitia dole gumba kwenye karatasi ya mshahara, maana vita viliwakuta wadogo. Wakataka wajue kuisoma karatasi ile wenyewe: jina, siku walizofanya kazi, fedha, na makato. Basi kila jioni tulikaa darasani na taa ya mafuta tukasoma, na kitabu chetu kilikuwa karatasi ya mshahara. Hakuna mtu aliyekosa kazi kwa sababu yetu katika jambo hilo, na mwezi wa pili wawili wao waligundua siku ambazo hazikuandikwa, wakazidai, wakapewa. Kama mtaniuliza ni kitu gani nilifanya Gulu kilichobaki, nitawataja wawili hao.

Jumapili moja nilikwenda hospitali ya Lacor, kilomita chache magharibi ya mji. Ilianzishwa na wamisionari mwaka 1959, na waliikuza daktari Piero Corti wa Italia na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, waliofika mwaka 1961. Wakati wa vita maelfu ya watu walilala katika viwanja vyake kila usiku. Mwaka 2000 maradhi ya Ebola yakaingia Gulu; waliougua walihesabiwa 425, waliokufa 224. Daktari Matthew Lukwiya, mzaliwa wa nchi ile ile ya Acholi, ndiye aliyetambua mapema kwamba kuna jambo la hatari. Wauguzi wakaanza kufa mmoja mmoja. Mwezi wa Novemba wakakusanyika, wakasema hawawezi tena, na nani angewalaumu? Alikwenda akakaa nao, akasikiliza madai yao, akasema yeye hatatoka. Wengi wakabaki. Yeye mwenyewe alikufa Desemba 5, mwaka ule ule. Wafanya kazi zaidi ya kumi wa hospitali ile walikufa.

Nimetaja habari hii kwa sababu katika nchi zetu tumezoea kudhani kwamba afanyaye kazi bure ana moyo, na afanyaye kazi kwa mshahara ana tumbo tu. Wale wauguzi wa Lacor walikuwa watu wa mshahara, wenye madai kama madai yenu ya vifaa vya kujikinga na dawa za kunyunyizia. Wageni wa kiangazi huondoka likizo ikiisha, mimi niliondoka. Wao walikuwako kabla, na walikuwako baada.

Sasa nirudi kwenye jambo lenu, kwa kuwa Bwana Mwenyekiti anatazama saa. Mimi sipingi wanafunzi kuja mashambani kujifunza. Nilikuwa mwanafunzi, na kuna watoto wenu vyuoni ambao hawatapata cheti bila miezi ile ya mafunzo. Lakini kuna kipimo tulichokitumia chini ya mwembe, na nadhani chafaa hata katika banda la maua. Mwondoe huyo mwanafunzi leo. Kama kazi haisimami, na kuna mtu aliyewekwa kumfundisha, basi kweli ni mwanafunzi. Kama ukimwondoa meza yake inabaki na mashada hayajafungwa, na mnyapara anapiga kelele, basi huyo ni mfanya kazi, na anastahili mshahara, ama yeye ama yule kibarua aliyeambiwa angoje nyumbani. Tajiri akisema ni mafunzo, aulizwe: mwalimu ni nani, na anafundisha saa ngapi? Na mwanafunzi mwenyewe aulizwe, msimsahau. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa, kama sisi tulivyopewa wilibaro na hakuna aliyetuambia ni za nani.

Isitoshe, msimfanye mwanafunzi adui. Yule kijana wa Gulu angeweza kutupiga mawe. Alikuja akauliza swali. Kama angetupiga mawe tungepanda basi kurudi Kampala tukisema watu wa kule hawana shukrani, na wale 11 wangebaki chini ya mwembe mpaka chama kilete wageni wengine.

Tuliondoka mwisho wa Agosti kuta zimefika usawa wa madirisha. Desemba ya mwaka ule vita vikaanza tena, lakini huko msituni Kongo, na watu wa Gulu waliendelea kurudi mashambani kwao. Madarasa yaliezekwa, niliandikiwa habari hiyo kwa simu, na maneno yalikuwa ya mmoja wa wale waliosomea karatasi ya mshahara. Gulu yenyewe ilipewa cheo cha jiji Julai 2020.

Yale tuliyokubaliana chini ya mwembe yaliandikwa katika ukurasa mmoja, kwa Kiacholi na Kiingereza, na Ladit alitia sahihi kwanza. Nakala yangu nimempa Bwana Katibu, pamoja na tafsiri ya Kiswahili niliyoiandika juzi. Iko ofisini katika faili la mafunzo, na kamati itakutana juu yake kabla ya msimu wa maua ya Februari. Sasa niko tayari kwa maswali.